Wingu la Kidato cha Nne
Mwalimu wa fizikia hufutia chaki kwenye mfuko uleule wa suruali, na huanza kucheka kabla mzaha wake haujafika. Shule nzima hapa Mafiga inajua alikaa ughaibuni miaka minne akichunguza wingu la atomi lililonaswa kwa miale ya leza. "Lilikuwa dogo kama punje ya hindi," husema, "na bado lilinishinda." Asubuhi moja kicheko kilikuwa chembamba. Wasipopatikana wanafunzi kumi wa kuchagua fizikia, tahasusi yake ya kidato cha tano ingefungwa. Basi akachora duara sakafuni, akawaingiza kidato cha nne, akaweka wanne pembeni wawasukume taratibu kuelekea katikati. Hao ndio leza. "Ukisukumwa, nawe msukume jirani." Kila alipoongeza mtu, badala ya kubanana, duara lilivimba, hadi darasa zima likaanza kuyumba kwa pamoja, likambana yeye ubaoni. "Shikamoo, atomi," mmoja akamtania.

Hosiana wa dawati la mbele hakucheka. "Mwalimu, mbona tumeyumba kwa pamoja ilhali hukutuambia?" Mwalimu akafuta chaki mfukoni, mara mbili. "Hapo ndipo nilipokwama, mwanangu. Atomi nazo zilifanya hivyohivyo. Miaka minne, nikarudi na koti la baridi tu." Hosiana akaivuta karatasi ya majina ya wanaochagua fizikia, iliyokuwa tupu mezani tangu Jumatatu, akaandika lake. Nyuma yake darasa likasogea kwenye karatasi bila kusukumwa na mtu. Mwalimu akakosa hata pa kusimama, akaenda kungoja mlangoni kama leza iliyozimwa.