Neno Tulilomchagulia Evarista

Enzi zetu pale Butihinda, sisi tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania tulichekwa kwa Kifaransa chetu kibovu, lakini saa ya Kiingereza ikifika, darasa zima lilitugeukia. Mwalimu aliandika ubaoni sentensi ya barua rasmi yenye pengo, na chini yake maneno manne. Moja tu ndilo lililofaa. Mimi nilitaka kujua kwa nini matatu mengine yasifae, na mara nyingi jibu lilikuwa fimbo.

Jirani yangu Evarista aliligeuza somo hilo kuwa mchezo. Tukiwa uani kwao, tukitoa maharage kwenye maganda makavu yaliyochoma vidole, alitaja sentensi nami nikajaza pengo. Aliyekosa alikwenda kuteka maji.

"Haya profesa, ndoo inakuita!" alinicheka karibu kila jioni.

Kisha ikasikika habari ya shule moja ya bweni ng'ambo ya mpaka. Nafasi ilikuwa moja, na maombi yalitakiwa kwa Kiingereza. Evarista aliandika kwamba anaweza kusoma masomo yote kwa lugha hiyo. Ilikuwa kweli. Baba yake akataka tumfasirie kila mstari.

"Unaweza? Nani kakwambia unaweza? Mtu mwenye adabu husema ndagerageza, najaribu. Wengine ndio watasema unaweza."

Kwetu ndivyo. Hata fundi aliyejenga nusu ya kijiji, ukimwuliza kama anajua kujenga, atakujibu kwamba anajaribu.

Evarista akanigeukia. "Sema basi, wewe unayebishana hata na katekista."

Nilijua barua ya Kiingereza haitaki mtu ajishushe. Lakini nilimwogopa mzee. Tena nikamtafutia neno la unyenyekevu zaidi: anajaribu kidogo. Akaliandika kwa mwandiko wake mzuri.

Jibu lilikuja likisema nafasi ni ya mwanafunzi anayekimudu Kiingereza, si anayejaribu. Evarista akalisoma mara moja, akalikunja.

"Wewe ulijua," akaniambia.

Mvua za kupanda zilipoanza, alipelekwa kwa shangazi yake Bugendana, kulima mihogo. Hakuniaga.

Sasa nina shahada, naishi Gitega, naandika barua za kuomba kazi. Vijana wa leo simu ndiyo inayowachagulia maneno, na hakuna anayejaribu tena. Kila mmoja ni bingwa, hata asiyejua kukaanga yai. Nami naitumia simu hiyohiyo, peke yangu chumbani. Huwa najiuliza kama neno lake la kwanza, anaweza, lingemfikisha, au nafasi ilikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Bugendana si mbali na hapa. Sijakwenda, na kila sababu ninayojipa naihoji, inaanguka.

Zamani tulihitaji watu wawili kupata neno moja, na siku ile tukakosea. Siku hizi nayapata yote yakiwa sahihi, na hakuna wa kuniambia nimekosa.