Kilatini cha Juu ya Mlango

Papa, baba yangu, alitaka Kilatini juu ya mlango wa nyumba tuliyokuwa tunaijenga Muganza. Alikuwa ametumikia misa utotoni kule Bukavu, na nyumba ya mapadri huko ilikuwa na maneno yaliyochongwa juu ya mlango. Aliamini kwamba nyumba yenye maneno, watu hawaihami ovyo. Hakusema anamfikiria nani, lakini sote tulijua. Tulikuwa tumevuka mto na kurudi Rwanda wakati vita vya Congo havijatulia, na Maman alikuwa bado anasema tuko hapa kwa kupita. Kila jioni alisikiliza redio ajue kama tunaweza kurudi Bukavu.

Kazi ya kuchagua maneno nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa na kijitabu cha misemo ya Kilatini yenye maana zake kwa Kiingereza, nilichokinunua soko la Kamembe. Kiingereza chenyewe nilikuwa najifundisha peke yangu kwa kamusi ya Kifaransa. Kwa hiyo kila msemo ulitoka Kilatini, ukapita Kiingereza, ukapita Kifaransa, ukatufikia kwa Kiswahili ukiwa hoi. Nakiri kwamba kijitabu hicho kilininyima usingizi. Nikikosea, kosa litakauka kwenye simenti na kukaa juu ya vichwa vyetu maisha yote. Wiki nzima sikuchagua chochote.

Siku ilipofika, Papa alipanga mbao uani, akamimina zege la boriti ya mlango, akalisawazisha kwa mwiko na kunipa msumari.

"Andika. Hii jua haingojee muntu."

Nikafungua kijitabu. Msemo wa kwanza ulimsifu jemadari aliyeshinda vita.

"Bajenerali tulishaona," Maman akasema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. "Hapana kwenye mlango."

Wa pili ulimkumbusha msomaji kwamba atakufa.

"Hiyo tulijifunza bila kitabu."

Wa tatu ulisifu divai. Papa akasema huo si mbaya sana. Maman akamtazama tu, naye akarudi kwenye mwiko wake.

Zege lilianza kupoteza mng'ao. Nilifunua kurasa mbele na nyuma, natafuta msemo usio na kasoro, huku jasho likidondokea karatasi.

"Papa, tungoje. Tutamimina ingine kesho."

"Na simenti ya kesho iko wapi?"

Nilikuwa karibu kulia, na umri wangu haukuwa tena wa kulia mbele ya watu.

Maman akaweka ungo chini. "Mama yangu alipokuwa mgonjwa," akasema, "padri alikuwa anamuletea komunyo. Mbele ya kuingia, akiwa bado mlangoni, alikuwa anasema: *Pax huic domui*. Mama akisikia ile, alikuwa anatulia."

Nilitafuta kitabuni. Maneno hayo hayakuwemo. Papa hakuhitaji kitabu.

"Amani kwa nyumba hii," akasema taratibu. "Ni mimi nilikuwa nabeba mshumaa mbele ya padri."

"Najua. Ulikuwa unamwaga nta kwenye mkeka yetu."

"Nilikuwa naangalia pengine."

"Najua pia mahali ulikuwa unaangalia." Kisha akanigeukia. "Wewe, andika kubwa. Macho yangu inaanza kuharibika, na nitapita chini ya mlango hii mpaka nizeeke."

Papa aliinama akasugua kwa mwiko mahali palipokuwa pameshanyooka.

Nikaandika, bila kitabu. Sikuwa nimepima nafasi, na neno la mwisho likabanana pembeni kama watu kwenye benchi fupi. Nilitaka kulainisha zege nianze upya, lakini Maman alikuwa ameshakata majani mabichi ya mgomba, anayalowesha na kuyatandaza juu ya boriti ili isipasuke kwa jua.

"Ondoa mukono," akaniambia.