Kikapu chenye Kitambaa cha Kijani

Niseme mwenyewe kabla hamjanisema: ni mimi Marta, fundi cherehani, niliyemjaza Evelina maneno kichwani. Gauni lake la harusi lilikuwa mezani kwangu, limebaki vifungo tu, na mdomo wangu hautulii.

Evelina anauza miche ya matunda hapa Lushoto. Mtu wa kazi, hacheki ovyo. Mchumba wake, Nikodemo, ni mkulima wa viazi wa Mtae, mpole mpaka unamhurumia. Kanisani ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa Jumapili mbili. Ilibaki ya tatu.

Sasa, sisi wanawake wa sokoni tulikuwa tumenogewa na manga moja, hadithi ya picha za kuchorwa iliyokuwa ikitumwa kwenye simu kila Jumapili alasiri. Kijana anamtafuta msichana aliyempenda utotoni, mashambani kwenye chai. Msichana huchorwa mgongo tu, kila mara siku ya Jumamosi, amebeba kikapu chenye kitambaa cha kijani cha madoa mekundu. Kwenye grupu letu la wasapu tulibishana hadi kununiana: ni nani huyu?

Siku ya kujaribu gauni nilimwonyesha Evelina. Akakaa chini na pini zote.

"Da Marta, hicho kikapu ni changu."

Kwao Mponde, kwenye mashamba ya chai, kila mchumaji hufunga kitambaa chake kikapuni, majani yasichanganywe kwenye mizani. Viwili havifanani. Na karani wa mizani alikuwa na mtoto, Edgar, aliyeshinda akichora; jina la mchoraji wa manga yetu ni hilohilo.

"Anakutafuta wewe!" nikapiga kelele. "Miaka yote hii!" Badala ya kunyamaza nikatangaza kwenye grupu. Wiki nzima wakampongeza, na mimi nikipuliza moto.

Jumapili ya tatu mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Evelina akasimama.

"Mimi mwenyewe."

  Nikodemo alimshika mama yake mkono, wakatoka.

Alasiri tulikuwa nyumbani kwa Evelina, simu katikati. Mdogo wake, Efrazia, alikuwa ndiyo kwanza ameingia kutoka Muheza na mfuko wa machungwa ya harusi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia yaliyotokea kanisani. Saa kumi sura ya mwisho ikafika.

Msichana akageuka. Alikuwa anacheka, na kati ya meno yake ya mbele palikuwa na mwanya.

Evelina hana mwanya. Tulimgeukia Efrazia, nami nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Kila Jumamosi ulikuwa kwenye darasa la kipaimara, dada," Efrazia akasema polepole. "Kikapu chako nilibeba mimi."

"Ulijua kwamba ni wewe?"

"Tangu picha ya kwanza. Mimi na Edgar tunaandikiana mwaka wa pili sasa. Nilitaka nikuambie ukishaolewa, nisije nikakuharibia siku yako."

Evelina aliufunga ule mfuko wa machungwa. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:

"Da Marta, gari la Mtae limeshaondoka?"

Lilikuwa limeondoka saa saba. Niliwaona kwa macho yangu wakipanda, mama mbele, Nikodemo nyuma, bado amevaa suti ya kanisani.