Pampu Tuliyoitengeneza Ng'ambo ya Mpaka

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana ya pampu hapa Likasi alinikataza kugusa ufunguo wowote, yaani spana. Alikuwa Mbelgiji mfupi, aliyesema Kiswahili cha kwetu bila kusita. Alinisimamisha kando ya pampu ya umeme iliyokuwa inazunguka, akaniambia, "Usifungule kwanza. Sikia. Kisha utaniambia iko na shida wapi." Nilisimama hapo mpaka saa ya kula. Sikusikia kitu ila kelele.

Ndivyo tulivyofundishwa miaka ile, migodi ilipokuwa imekwisha kuingia mikononi mwa serikali. Baada ya muda nikaweza kutambua kwa sikio beringi iliyokauka, na kwa kidole joto la garnitire, yaani ile kamba yenye mafuta tunayoizungushia shafti ili maji yasivuje. Nikapelekwa Koni, kwenye kituo cha umeme, chini ya injinia mkuu aliyependa usafi kuliko mazungumzo. Kisha nikapelekwa Kamatanda kuondoa maji machimboni. Mkuu wa sehemu huko alikuwa mtu wa kwetu, tukimwita Citoyen Chef, yaani Raia Mkuu, na abakosti yake, ile suti ya wakubwa isiyovaliwa na tai, haikuvuliwa hata kwenye matope. Nilijiona fundi kamili.

Wakati huo parokia yetu ikapata barua kutoka misheni ndogo upande wa Zambia. Pampu ya zahanati yao ilikuwa imekufa. Padri akauliza nani angeweza kwenda majuma matatu, kuitengeneza na kusali pamoja na ndugu wa huko. Nikaomba likizo. Tulikuwa watu sita, tukiongozwa na mwenyekiti wa baraza la parokia, mzee tuliyemwita Papa Président. Alibeba mkoba mkubwa wa ngozi, na ndani yake mahubiri ya kila siku, yamepigwa taipu.

Tulivuka mpaka hapo Kasumbalesa juu ya lori tukiimba. Sifichi: tulijiona watu wenye kitu, tunaowapelekea wasio na kitu.

Zahanati iliongozwa na muuguzi mjane, BanaChanda, maana yake mama yake Chanda. Alitupatia uji, kisha akauliza kwa Kibemba, lugha ya mama yangu, tungeondoka siku gani. Swali hilo lilinikera. Baadaye akanieleza kwamba kabla yetu walikuja wageni wengine, wakaitengeneza pampu, wakapiga picha, wakaenda zao. Hakuna mwenyeji aliyeshika ufunguo. Sasa wajawazito walifika kujifungua wakiwa na ndoo ya maji ya mto kichwani. Aliomba wanawake wawili wafanye kazi pamoja nami. Papa Président alikataa kwa upole. Alisema siku ni chache, na kuna ibada, na kuna kanisa la kupaka rangi.

Ilikuwa pampu ya mkono. Mimi sikuwahi kufungua pampu ya mkono, wala sikumwambia mtu. Ndani ya silinda yake kuna kikombe cha ngozi, ndicho kinachovuta maji kila fimbo ya pampu inapopanda. Cha zamani kilikuwa kimeoza, na kipya kilikuwa kimoja tu. Nikakisukuma ndani kikiwa kikavu, kwa nguvu. Kikapasuka.

BanaChanda alikuwa amesimama nyuma yangu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wale wageni wa kabla yetu walikiloweka chao kwanza siku nzima, wakakipaka mafuta. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza," akasema.

Nilimwendea Papa Président nikamweleza yote, na kwamba pampu ile siijui. Nilingoja anikemee. Aliwatazama wanawake waliokuwa wanarudi kutoka mtoni. Kisha akafungua mkoba wake, akayatoa mahubiri, akayaweka juu ya benchi na jiwe juu yake yasipeperuke. Mkoba akanipa mimi.

"Kata," akasema. "Minye nitasema bile biko mu roho. Na bale banamuke babili, baite." Yaani angehubiri ya moyoni bila karatasi, nami niwaite wale wanawake wawili.

Tulikata vikombe vitatu kutoka ngozi ya mkoba. Viwili viliharibika. Cha tatu tulikiloweka, tukakifunga juu ya gogo lililochongwa mpaka kikashika umbo, tukakipaka mafuta. Wale wanawake wawili waliifungua na kuifunga pampu mara nne, na mimi mikono yangu nikaiweka nyuma. Maji yalipotoka hakuna aliyepiga vigelegele. BanaChanda alinawa mpaka kwenye viwiko, akarudi ndani kwa mama aliyekuwa anashikwa na uchungu.

Kanisa halikupakwa rangi, na tuliporudi wengine walinung'unika. Mimi nikarudi machimboni. Miaka ikapita, kampuni ikadhoofika, nikastaafu na karatasi yenye muhuri.

Hivi karibuni vijana wa parokia walikuja kuniaga, wanakwenda nchi ya jirani majuma mawili kufanya kazi ya Mungu. Walitaka ushauri juu ya orodha yao ya vifaa. Niliwauliza jina la mtu mmoja anayewangoja huko. Hawakulijua. Nikawaambia wamtafute mtu huyo, wamwandikie kwanza, wamuulize anahitaji nini, ndipo waje tuzungumze vifaa. Waliondoka wamenuna kidogo, nami nikaona nimekuwa mkali bure.

Baada ya majuma kadhaa, binti anayewaongoza alirudi peke yake, ameshika barua.

"Papa, balijibu," akasema. "Bile tulitaka kupeleka, habahitaji."

Nikamvutia kiti, nikaomba kalamu, tukaanza orodha upya.