Fomu zote za taichi zinasema "mazuri"

Jamani, leo nimetuma fomu ya uongo bila kujua.

Mnaujua ule utafiti wetu wa taichi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, kwa wazee wa Murungu wanaoumwa magoti? Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwahoji.

Bibi Anastazia, mmoja wa wazee hao, akaniketisha, akanipa chai na muhogo. Nikamuuliza magoti yakoje.

"Mazuri, mwanangu. Mmetusaidia sana."

Nikaweka tiki, nikatuma palepale kwa simu. Tena kwa furaha!

Nafika barabarani, nakumbuka mwavuli. Kurudi, namkuta anapanda ngazi za baraza lake kwa makalio, kinyumenyume, moja moja, ameuma meno.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Mgeni amekuja kunijulia hali, nimtwishe maumivu?"

Fomu ikishatumwa hairudi. Na wazee wote niliowahoji walinijibu hivyohivyo, chai mkononi.

Hebu niambieni, swali hili naliulizaje?

Nikamwinua. Nikajaribu tena, taratibu: "Bibi, kweli kabisa, magoti yakoje?"

Akajipangusa vumbi, akatabasamu.

"Mazuri, mwanangu."