Fundi Aliyeijua Pasi

Mama Futi alikuwa na mdomo. Mtaa mzima ulilijua hilo, na mwenyewe hakulikataa. Ukimpelekea kitambaa pungufu, atakuuliza mbele za watu kama unamshonea paka. Jina alilipata kwa sababu futi yake ya kupimia haikuwa ikitoka shingoni. Sokoni alikwenda nayo, msibani alikwenda nayo. Basi mtu wa namna hiyo, mwenye neno kwa kila mpita njia, ndiye aliyenyamaza miaka miwili palipotakiwa neno moja tu. Haya ninayosimulia hayamsafishi, na yeye mwenyewe hataki kusafishwa.

Kazi yake ilikuwa sare za shule. Barazani kwake palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na pasi nzito ya umeme ambayo waya wake ulizungushiwa utepe baada ya panya kuutafuna. Sare haikutoka kwa Mama Futi bila kunyooshwa. Miaka ishirini na sita alishika pasi, na pasi nayo ilimlipa: alama nyembamba nyembamba kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Mwanafunzi wake wa ushonaji akiungua, alimmwagia maji baridi huku akimcheka: "Haya, sasa umeanza kuwa fundi."

Shoga yake alikuwa muuza dawa, duka la pili kutoka kwake. Mwanamke msafi, mwenye sauti ya chini, ambaye hujapata kumsikia akigombana na mtu. Mume wa Mama Futi alipolala kitandani miezi minane kabla ya kufa, ndugu zake mwenyewe walipotea mmoja mmoja, lakini muuza dawa alikuja kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alimchoma sindano, akamgeuza, akamwosha. Jambo kama hilo halisahauliki, na mtu asikudanganye.

Muuza dawa alikuwa na mtoto mmoja wa kike. Baba yake mtoto alikuwa dereva wa malori ya masafa, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, pengine hata hiyo mara moja asirudi. Mtoto alikuwa mwembamba, na Mama Futi akampachika jina la Kijiti. "Kijiti, mama yako anakuficha chakula?" Barazani watu walicheka. Mtoto naye alitabasamu, kwa kuwa alikuwa na adabu.

Alipokuwa na miaka minane, mama yake alimleta kupimwa sare akaomba blauzi za mikono mirefu. "Ngozi yake laini, shoga, jua linamchoma."

Mama Futi akamwingiza Kijiti nyuma ya pazia, akamvua blauzi ya zamani. Juu ya mkono, karibu na bega, palikuwa na alama ya pasi.

Sasa, Mama Futi anaijua pasi. Pasi ikikugusa kwa bahati mbaya hukulamba kwa ukingo tu, kwa sababu mkono unakimbia wenyewe kabla hujajua kilichokupata. Hubaki mstari. Alama ya Kijiti haikuwa mstari. Ilikuwa na ncha yake mbele na mapana yake nyuma, imetulia pale mzimamzima. Pasi iliwekwa, na mtoto alishikwa ili asikimbie.

"Umefanyaje hapa?"

"Nilijigusa na pasi," mtoto akasema, kama anayejibu swali darasani.

Na mama yake, upande wa pili wa pazia, akacheka taratibu. "Mtundu huyo, usimwone hivyo. Nikigeuka tu, keshashika kitu."

Mama Futi alijua. Alijua wakati uleule, futi ikiwa mkononi. Kisha akajiambia yale tunayojiambia sote: kwamba na sisi tulichapwa tukawa watu, kwamba ya nyumba ya watu ni ya nyumba ya watu, kwamba mama ndiye mwenye uchungu na mwanawe. Akaikumbuka ile mikono iliyomwosha mumewe. Akashona mikono mirefu, na aibu yake ni kwamba aliishona vizuri; alitia lastiki vifundoni ili isipande mtoto akinyoosha kidole darasani. Mwaka uliofuata alishona vilevile bila hata kuombwa.

Mwishoni mwa mwaka huo, mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii alikuja kwenye mkutano wa chama cha mafundi. Mama mtu mzima, amevaa kandambili, mkoba wake umekatika mkanda. Mafundi walikunja mikono mapema. Walijua wanakuja kuambiwa kwamba mtoto siku hizi hakemewi. Badala yake mama wa ustawi akauliza, "Huko mlikokulia, mtoto akichapwa, nani alikuwa anasema basi?"

Watu wakatazamana, kisha vicheko vikaanza, maana kila mmoja alikuwa na wake. Fundi viatu alisema ni bibi yake, aliyekuwa akimfunika kwa kanga. Mama Futi akasimulia habari za jirani yao, mwanamke aliyetoka kwenye ndoo ya nguo na povu hadi viwikoni, akasimama katikati na kusema, "Mwachie, nimemwombea mimi." Mama mzazi wa Mama Futi alikuwa akiitupa fimbo palepale.

"Mama yako alikuwa akikupiga wapi?" mama wa ustawi akauliza.

"Miguuni."

"Na moto je?"

Fundi viatu ndiye aliyejibu. "Moto? Huko si kuchapa tena."

"Basi sina la kuwafundisha," mama wa ustawi akasema. "Mpaka mnaujua tangu utotoni. Ninachouliza ni nani anayesema basi siku hizi, kila mtu na geti lake." Kisha akaongeza, taratibu, kwamba fundi ni mtu anayeona miili ya watoto, na kwamba wakiona jambo waende kwake kwanza. Wasiende kwa aliyelitenda, maana watarudi nyumbani kwao na mtoto atabaki mle ndani.

Mama Futi aliyasikia yote. Hilo la mwisho alilisikia kama linalohusu watu wengine.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, Kijiti akaletwa tena. Ana miaka kumi sasa. Mama yake alibaki barazani akiongea na simu. Nyuma ya pazia, Mama Futi akauona mgongo: alama mbili zilizopona, na ya tatu imefunikwa kwa bandeji nyeupe, imebandikwa safi kabisa, pembe nne zimelingana. Mkono uliochoma ndio uliofunga dawa. Mama Futi alitapika kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa, na mtoto akamshikia bega.

Alasiri ile alikwenda kwa shoga yake. Alitaka kuwa yule jirani mwenye povu mikononi. "Nimekuja kumwombea mtoto," akasema. Muuza dawa akalia. Akamshika mikono, akasema hasira zinampanda, akamlaumu mumewe, akaapa kwamba hatarudia. Akamshukuru kwa kuja kama dada badala ya kumtangaza. Wakanywa chai. Mama Futi alirudi kwake moyo mweupe, akalala usingizi mzuri, jambo ambalo hajajisamehe hadi leo.

Shule zikafunguliwa. Sare ya Kijiti ilibaki kwenye henga siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne Mama Futi akagonga geti, na shoga yake akamjibu bila kufungua kwamba mtoto kaenda kusalimia ndugu. Mama Futi hakurudi barazani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mama wa ustawi, akasema yote, na lile la chai akalisema.

Yule mama hakumgombeza. Alimpigia simu dada wa yule dereva. "Nikienda mimi na polisi, mama yake atamtorosha mtoto kwa mlango wa nyuma," akasema. "Kwa wifi yake atafungua, hawezi kumwacha nje majirani wakiona." Polisi walisubiri kwenye kona, shangazi akagonga, na geti likafunguliwa.

Kijiti alikuwa chumbani, amekaa kitandani, viganja vyote viwili vimefungwa bandeji safi. Alichomwa jioni ileile ya chai. Kosa lake lilikuwa kumwonyesha fundi mgongo.

Alikaa hospitali wiki saba. Vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki. Mama yake ana kesi, nayo inaahirishwa. Mtaani nusu ya watu wanasema Mama Futi ni nyoka, kamuuza aliyemwoshea mume, na sare wanazipeleka kwa fundi mwingine. Usiku Mama Futi anamlilia shoga yake, ndiyo, yuleyule, na hilo linamwuma kuliko maneno ya watu.

Juzi shangazi alimwita. Mtoto amepata shule huko anakoishi sasa, anataka sare. Mama Futi akaenda. Hakumwita Kijiti. Kila alipotaka kumgusa aliomba kwanza: nishike bega, niguse kiuno. Mtoto alinyoosha mikono pembeni, akakubali kila alipoombwa.

"Nisamehe, mwanangu," Mama Futi akasema. "Sikutakiwa kwenda kwa mama yako."

"Kwa hilo sijakasirika," mtoto akasema. "Ule mwaka wa kwanza uliona."

"Niliona."

"Mimi nilidhani mmeambiana. Kwamba watu wazima wote mnajua, na mmeshakubaliana."

"Hapana. Hakuna aliyemwambia mwenzake."

Mtoto akalifikiria jibu hilo. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa, anasubiri kupimwa.

"Sasa kwa nini ulinishonea mikono mirefu?"