Samaki Aliyekohoa

Asubuhi ya kufunguliwa kwa msimu wa uvuvi, nilivutana na samaki aliyekohoa.

Sitanii. Mimi ni bibi mwenye wajukuu, na sina mazoea ya kupiga porojo.

Tangu ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, nyumbani kwetu kulikuwa na ubishi mmoja tu: ni nani atakayekuwa nahodha wa mashua ya familia. Kanuni yetu haina mjadala. Atakayetoa samaki wa kwanza siku ya ufunguzi ndiye atakayeshika usukani hadi ziwa lifungwe tena. Wengine watapara magamba.

Msimu uliopita nilipara magamba hadi nikayakuta kwenye chai.

Siku hiyo bwana wangu, nahodha anayemaliza muda wake, aliamka akilalamika kwamba mgongo umegoma. Nilimpa pole, nikamfunika blanketi vizuri, kisha nikatoka nikijizuia kucheka.

Niliingia mashuani na mkamwana wangu, mke wa kitindamimba wangu, binti mpole asiyezidisha neno.

Ukungu ulikuwa mzito. Hata pua ya mashua sikuiona. Nikatupa mshipi. Muda si muda, ukakaza.

Nikavuta. Nikavutwa.

Nikakanyaga ukingo, kilemba kikaangukia majini, wala sikukijali. Mkamwana akashauri nimwachie samaki kidogo ili achoke. Nilimjibu kwamba nahodha hapewi ushauri.

Hapo ndipo samaki alipokohoa.

Kikohozi kile nimelala kando yake tangu nilipoolewa.

Mashua ya kuazima ikachomoza ukunguni. Mgonjwa wangu alikuwa amesimama wima, jasho likimtiririka, ndoana yake imeng'ang'ania yangu.

"Mgongo unaendeleaje, baba watoto?"

"Umepata nafuu njiani," akasema, bila haya.

Tulicheka hadi mashua zikagongana. Kisha ubishi ukaanza upya: ni nani aliyemvua mwenziwe? Kila mmoja alidai kwamba mwenzake ndiye samaki wa kwanza.

Tukiwa katikati ya hoja, kitu kikapiga sakafu ya mashua, pu!

Nikageuka. Miguuni pa mkamwana alikuwa akirukaruka samaki mnene, wa kweli, asiye na kikohozi.

"Samahani, wazazi wangu," akasema kwa adabu. "Visu vya magamba viko chini ya kiti."

Msomaji wangu, ukijikuta unavutana na mwenzako kwa nguvu zako zote, tazama kwanza ni nani anayevua.